Kumsubiri Mtoto Aliye Nchi Nyingine

Familia ya Kimarekani ambayo maombi yake ya kuasili mtoto yalisajiliwa Beijing mwanzoni mwa 2005 ilisubiri karibu nusu mwaka kabla ya kupewa jina na picha. Waliosajiliwa katikati ya 2006, kwenye foleni ileile, walisubiri zaidi ya miaka mitano. Waombaji walikuwa wameongezeka, na watoto wachanga wasio na maradhi walikuwa wakizidi kupungua katika vituo vya kulelea watoto. Vitanda vidogo vilinunuliwa vikabaki vitupu.

Katika kusubiri huko kazi haikukosekana. Afisa ustawi wa jamii hufika nyumbani, akauliza kipato, afya, ndoa, na jinsi wazazi wenyewe walivyolelewa. Kwa nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa 1993 unaohusu kuasili watoto wa nchi nyingine, kibali cha idara ya uhamiaji ya Marekani hudumu miezi 15, na foleni ikiwa ndefu hulazimu kuombewa nyongeza ya muda. Kanuni hudai pia mafunzo ya angalau saa 10. Ni chache mno, na ndiyo maana muda wa kusubiri una thamani kubwa kwa anayejua kuutumia.

Wengi hukimbilia kupamba chumba. Wengine, hasa waliowangojea watoto wa China, waliomba kila ndugu na rafiki kipande cha kitambaa pamoja na dua, wakashona blanketi la viraka 100. Ni jambo jema, linawapa jamaa nafasi ya kumpenda mtoto kabla hajafika. Lakini mtoto mwenyewe atahitaji mambo mengine kwanza.

Daktari Dana Johnson, aliyeanzisha kliniki ya watoto wa kuasiliwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1986, pamoja na wenzake walipima watoto waliotoka vituoni na kuona kwamba kwa kila miezi mitatu ya kuishi humo, mtoto hubaki nyuma kwa takriban mwezi mmoja wa kurefuka. Mwenye miaka miwili aliyekulia kituoni tangu kuzaliwa anaweza kuwa na kimo cha mtoto wa miezi 16. Kwa hiyo nguo zisinunuliwe kwa kutazama umri, wala mzazi asishtuke akimkuta mdogo kuliko picha ilivyoonyesha. Akipata chakula na malezi, mara nyingi huanza kurefuka kwa kasi.

Moyo hukawia zaidi. Utafiti wa Bucharest, nchini Romania, uliofuatilia watoto 136 wa vituoni, ulionyesha kuwa waliohamishiwa kwenye familia za malezi kabla ya kufikisha miaka miwili walijenga uhusiano imara zaidi na walezi wao kuliko waliochelewa. Mtoto aliyezoea walezi wa zamu hajui bado nani ni wake. Anaweza kumkumbatia mgeni yeyote kwa tabasamu, na watu wakamsifu kwa uchangamfu, kumbe bado hajapata mtu wa kumtegemea.

Basi nyumba iandaliwe iwe na mikono michache. Katika wiki za kwanza, wazazi peke yao ndio wamlishe, wamwogeshe na kumbeba anapolia, na bibi aelezwe mapema, kwa heshima, kwa nini anaombwa asimpakate kwanza. Kumwambia mlangoni siku ya kumpokea ni kumuumiza bure. Wazazi wajifunze maneno ya maji, choo, usingizi na maumivu katika lugha ya mtoto. Nguo aliyokuja nayo isifuliwe haraka, kwa sababu harufu yake ndiyo kitu pekee anachokitambua. Akificha mkate chini ya mto, asikaripiwe. Bakuli la matunda liwekwe mahali anapofika mwenyewe.

Mlango nao unaweza kufungwa. Septemba 2013 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisitisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Mamia walibaki huko ingawa mahakama zilikuwa zimeshatoa hukumu, na wengi hawakuruhusiwa kuondoka hadi mwishoni mwa 2015 na mapema 2016. Aliyetarajiwa akiwa mchanga alifika akiwa anakimbia na kuzungumza. Kenya ilisitisha kuasiliwa kwa watoto na wageni mwaka 2014, Ethiopia ikapiga marufuku 2018, na Septemba 2024 China ikatangaza kuacha, isipokuwa kwa ndugu wa damu na watoto wa kambo. Familia zilizokuwa zimeshapewa picha za watoto wa China kabla ya janga la korona zilibaki na picha hizo.

Hofu ya baadhi ya serikali hizo, kwamba watoto huchukuliwa bila haki, ina msingi. Wako watoto walioitwa yatima ilhali mama zao wako hai, na Mkataba wa Hague unataka familia itafutwe kwanza ndani ya nchi. Anayesubiri ana wajibu wa kuuliza: nani alimleta mtoto kituoni, ndugu gani walitafutwa, karatasi zinasema nini. Nakala zitafsiriwe na kuhifadhiwa, kwa kuwa mtoto atakuja kuuliza hayohayo. Kwa waliotoka China, baadhi ya wazazi walitafuta hata ukurasa wa gazeti la mkoa uliotangaza kwamba mtoto ameokotwa, wenye tarehe, mahali, na mara nyingi picha yake ya kwanza.