Si kila maumivu ya mgongo ni uzee

Mzee wa nyumbani akilalamikia mgongo, jibu letu huwa jepesi: ni umri, au ni kazi za shamba. Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, yapo maumivu yanayotokana na saratani iliyoanzia kwingine, hasa kwenye tezi dume au titi, kisha ikasafiri kwa njia ya damu hadi kwenye uti wa mgongo, nyonga, mbavu au mapaja.

Ugonjwa huu humpata tajiri na maskini, lakini hauwaumizi sawasawa. Nchini Marekani, kiwango cha vifo vya saratani ya tezi dume kwa wanaume weusi kinakaribia mara mbili ya kile cha wanaume weupe. Wanawake weusi huko hawaugui saratani ya matiti kuliko weupe, lakini hufa kwayo kwa wingi zaidi. Wataalamu hutaja umaskini, ukosefu wa bima na kuchelewa kupimwa, pamoja na tofauti za saratani zenyewe.

Kwetu Tanzania, pengo lipo baina ya mji na kijiji. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake, kabla ya Bugando, Mwanza, kuanza kuitoa. Mgonjwa wa kijijini huhitaji nauli yake na ya msindikizaji, chakula na mahali pa kulala. Mama husubiri mavuno yauzwe. Baba huona haya kusema kwamba mkojo unamsumbua. Ndiyo maana wagonjwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne.

Basi tuwe macho. Maumivu ya mfupa yanayodumu kwa wiki kadhaa, yanayozidi usiku na yasiyotulia kwa kupumzika yanataka uchunguzi, hasa kwa aliyewahi kutibiwa saratani. Miguu ikilegea au kufa ganzi, au mgonjwa akishindwa kuzuia haja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa uti wa mgongo ukibanwa kwa muda mrefu anaweza kupooza moja kwa moja.

Saratani ikishafika mifupani ni nadra kupona kabisa, lakini haina maana kwamba hakuna la kufanya. Zipo dawa za kupunguza kasi yake. Mionzi, hata ya mara moja tu, huweza kutuliza maumivu ya mfupa. Mofini ya kunywa, ikitolewa kwa maelekezo ya daktari, humwezesha mgonjwa kulala usiku. Hofu ya uraibu isimnyime nafuu hiyo.

Wanafamilia wana wajibu hapa. Tuwaulize wazazi wetu kwa upole na kwa faragha wanaumwa wapi na tangu lini, na nauli ya hospitali tuichange mapema. Mara nyingi tunachanga kwa moyo mmoja pale tu msiba unapotufika.