Koni na sweta: aiskrimu ya viini vya mayai na jiji la Eldoret

Wapo wanaoamini kwamba aiskrimu ni ya Mombasa, kwenye jua na jasho. Eldoret, iliyo mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, eti itosheke na chai. Waambie waje Jumapili ibada zikiisha, waone watoto waliofungwa sweta hadi shingoni wakiramba koni. Baridi haijawahi kutunyima utamu huu, kwa kuwa maziwa hatuyafuati mbali. New KCC ina kiwanda hapa, na Doinyo Lessos, wanaojulikana zaidi kwa jibini, wameuza aiskrimu pia.

Tunachokosa ni ile yenye viini vya mayai, ambayo Wamarekani wanaishangilia. Mwaka 1919, huko Coney Island, New York, Archie Kohr na nduguye Elton walitia viini katika aiskrimu yao ili iwe laini na isiyeyuke upesi. Husimuliwa kwamba wikendi ya kwanza waliuza koni 18,460, kila moja senti tano. Mwaka 1933 ikauzwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya Chicago, lakini walioikumbatia kabisa ni watu wa Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin. Huko ng'ombe wa maziwa ni wengi, na baridi yao huleta theluji. Sisi tuna udhuru gani?

Nayo huitwa kastadi, ila usiichanganye na kastadi ya unga tunayomwagia keki. Hiyo Alfred Bird aliibuni Birmingham mwaka 1837 kwa wanga wa mahindi, kwa sababu mkewe alidhurika na mayai. Hii ya Kohr inategemea kiini, kinachoshikanisha mafuta na maji ya maziwa, tena haijazwi hewa nyingi. Katika aiskrimu nyingi za bei rahisi, karibu nusu ya kopo ni hewa. Kununua hewa Eldoret, ambako wanariadha wanaifuata kutoka ng'ambo bila kuilipia, ni uchokozi.

Nyumbani inawezekana. Pasha nusu lita ya maziwa na robo lita ya krimu, umiminie polepole viini vitano vilivyopigwa na sukari, huku ukikoroga. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayotokota. Mwinuko wetu unasaidia, maana maji hapa huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100, kwa hiyo viini haviungui haraka. Hata hivyo usiache mwiko. Rojo likichemka litakatika vipande kama mayai ya kukoroga. Likishaganda mgongoni mwa mwiko, epua, lipoe, lilale kwenye friji. Kesho yake liingie friza, ukilikoroga kila nusu saa hadi likaze, na uombe stima isipotee.

Wengine watamwagia asali ya Baringo. Mimi nashikilia pasheni za Uasin Gishu, na mbegu zake, kwa sababu ukali wake unakata mafuta yale. Ute wa mayai uliobaki ni wa omleti ya asubuhi.