Utangulizi: Dhamana ya Mwenye Nyumba ya Wageni

"Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii husifu heri anazokuja nazo mgeni. Taaluma tunayoifungua hapa huuliza upande wa pili: mgeni naye atapona vipi? Amefika usiku katika mji asioujua, ana mzigo na fedha, hana ndugu. Anaingia kwenye nyumba ya mtu baki, anazima taa, analala. Kazi ya mwenye nyumba ya wageni ni kuufanya usingizi huo uwezekane. Kitanda na chakula ni sehemu tu ya kazi hiyo.

Tuanzie pwani yetu. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, anasimulia kwamba meli ilipotia nanga, vijana wa mji waliiendea kwa vyombo vidogo, kila mmoja amebeba chakula kilichofunikwa. Kijana alimwandalia mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Mfanyabiashara alishukia kwa mwenyeji huyo, isipokuwa kama alikwisha kuuzoea mji, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa na kumnunulia. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kutupa, au akimuuzia kitu mwenyeji asipokuwapo, biashara hiyo haikutambuliwa. Malazi, udalali na ulinzi vilikaa chini ya paa moja.

Roma ilipitia njia ya sheria. Digesta ya Kaisari Justiniano, ya mwaka 533, ilihifadhi kanuni ya zamani zaidi: mwenye nyumba aliyepokea mali ya msafiri atawajibika ikipotea, hata kama hakuzembea, isipokuwa kwa janga lisilozuilika. Sababu iliyotolewa na mwanasheria Ulpiano haikuwa na heshima nyingi kwa wenye nyumba: wasipobanwa, watakula njama na wezi.

Uingereza nayo ilijenga wajibu wa namna hiyo, na mahakama zikauwekea mipaka. Katika kesi ya Calye ya mwaka 1584, mgeni aliomba farasi wake apelekwe malishoni, naye akaibwa huko. Iliamuliwa kwamba mwenye nyumba hadaiwi, kwa kuwa farasi alitolewa kwa ombi la mgeni mwenyewe.

Wajibu mwingine ulikuwa wa kumpokea kila msafiri anayestahili, maadamu nafasi ipo. Mwaka 1943, hoteli moja ya London ilikataa kumpa malazi Learie Constantine, mchezaji maarufu wa kriketi kutoka Trinidad, kwa sababu ya rangi yake. Alishtaki, na mwaka 1944 akashinda. Fidia ilikuwa gini 5 tu, yaani pauni 5 na shilingi 5, lakini haki ilithibitika: mwenye nyumba ya wageni hachagui wageni kwa rangi.

Msomaji mpya hahitaji kuwa mwanasheria wala mwanahistoria ili aingie uwanjani. Gesti ya stendi inatosha kuanzia. Tazama kitabu cha wageni mapokezi, kinachotaka jina lako, utokako na uendako. Kisha soma tangazo la ukutani linalosema uongozi hauhusiki na mali isiyokabidhiwa. Jiulize maswali matatu: nani hupokewa, nani hukataliwa, na kitu kikipotea nani hulipa? Sura zinazofuata zitayapeleka maswali hayo katika nchi na karne mbalimbali. Karibu.