Nani Anamsukuma Nani?

Mijadala yetu ya istilahi za ufundi huwa na mwendo mmoja. Mtu hutaja chombo, tunauliza jina lake kwa Kiswahili, na jina lisipopatikana tunahitimisha kwamba lugha imepungukiwa. Katika makala haya tunajaribu njia nyingine: tuanze na kitenzi. Tumechagua kimoja tu, kusukuma, na mashine mbili zinazofanya kazi kwa kioevu.

Ya kwanza inatoka Longbridge, kusini-magharibi mwa jiji la Birmingham, ambako Herbert Austin alianzisha kiwanda cha magari mwaka 1905. Miaka ya 1960 kiwanda hicho kiliunda Austin 1100, gari dogo ambalo halikuwa na shokapu za kawaida. Mhandisi Alex Moulton alilibunia mfumo ulioitwa Hydrolastic. Kila gurudumu lilikuwa na chombo chenye mpira na kioevu, yaani maji yaliyochanganywa na alkoholi na dawa ya kuzuia kutu. Chombo cha mbele kiliunganishwa kwa bomba na cha nyuma cha upande uleule.

Gurudumu la mbele lilipopanda tuta, lilisukuma kioevu. Kioevu kikakimbilia nyuma, kikainua mkia wa gari, na gari likabaki karibu sawa badala ya kunyanyua pua. Mpira ulifanya kazi ya springi. Vali ndogo zilifanya kazi ya shokapu. Udhaifu ulikuwapo pia: mzigo mzito ukiwekwa nyuma, kioevu kilisukumwa mbele na pua ikapanda, mfumo ukivuja, upande mzima wa gari ulilala. Basi katika gari moja chombo kilekile kilisukuma, kisha kikasukumwa.

Mashine ya pili, mota ya mabapa, imetenganisha kazi hizo mbili. Ndani ya ganda la chuma kuna uwazi unaokaribia umbo la yai, na katikati yake rota ya duara. Rota imechongwa mifereji, na kila mfereji una bapa la chuma linaloteleza nje na ndani likifuata ukuta wa uwazi. Mafuta yenye shinikizo yakiingia, husukuma mabapa. Bapa lililochomoza zaidi husukumwa kwa nguvu kubwa kuliko lililojificha, na tofauti hiyo ndiyo inayozungusha rota. Aina nyingi zina njia mbili za kuingilia mafuta zinazotazamana, na mbili za kutokea, ili beringi zisilemewe upande mmoja. Harry Vickers wa Marekani alibuni pampu yenye mpangilio wa namna hiyo mwaka 1925.

Hesabu yake si ngumu. Mota inayopitisha sentimita za ujazo 100 kwa kila mzunguko, ikipewa lita 50 kwa dakika, huzunguka mara 500 kwa dakika, tukiacha mafuta yanayovuja ndani. Ongeza mafuta, kasi inapanda. Ongeza shinikizo, nguvu ya kuzungusha inapanda. Mota hizi huzungusha winchi na mashine za kuunda vitu vya plastiki.

Sasa tuifungue pampu ya mabapa. Tutakuta karibu vitu vilevile: ganda, rota, mabapa. Tofauti iko wapi? Pampu huzungushwa na injini, na mzunguko wenyewe huyarusha mabapa nje. Mota huanza ikiwa imesimama. Mabapa yakibaki ndani ya mifereji, mafuta yatapita tu bila kusukuma kitu. Ndiyo maana mota nyingi huwekewa springi chini ya mabapa, zikiyabana ukutani kabla rota haijazunguka.

Kwa maneno mengine, pampu husukuma mafuta, mota husukumwa na mafuta. Kinachozitenganisha katika sentensi ni kiambishi -w-, na katika chuma ni springi.

Rota, vali na beringi tumeyakopa, wala si aibu. Lakini mwanafunzi wa chuo cha ufundi aliyekariri majina hayo bila kujua nani anamsukuma nani hataitengeneza mota iliyogoma kuwaka. Tunapendekeza kikao chetu kijacho cha istilahi kiulize kwanza chombo kinatenda nini, au kinatendwa nini, ndipo tukipe jina.