Koko anaposema "Naweza"

Karibu kila lupango lenye mtu mzee lina ugomvi wake usiokwisha. Koko anataka kuvuka mwenyewe mfereji wa maji ya mvua. Anataka kuteremka ngazi za udongo kwenda sokoni, anataka kushusha bidoni ya maji kutoka juu ya meza. Mke wa mtoto wake anamwambia, "Mama, acha, utaanguka." Koko anajibu, "Naweza. Nilikuwa ninapita hapa wewe hujazaliwa." Mara nyingine anaweza kweli. Mara nyingine mguu unakwama kwenye ukingo, na jioni ile familia yote inakusanya feza za hospitali.

Watu wengi husema ni kichwa kigumu. Juma hili tumeona vema kueleza jambo lisilosemwa sana: mara nyingi koko hadanganyi wala hashindani na mtu. Kabla mguu wake haujainuka, akili yake imekwisha kuvuka ule mfereji na kufika ng'ambo salama. Shida iko katika ile safari ya akilini.

Kila mmoja wetu anaifanya safari hiyo kila siku. Funga macho kidogo, ufikiri unatwanga sombe. Unainua mchi, unaushusha, unauinua tena. Mkono haujasogea, lakini bega linajua uzito wa mchi. Hii si sawa na kujiona kama kwenye picha ya arusi. Ni kusikia mwendo kutoka ndani ya mwili wako mwenyewe. Wenye elimu ya ubongo wameona kwamba sehemu nyingi zinazotayarisha mwendo wa kweli zinaamka pia wakati mtu anawaza mwendo tu. Ni kama nyumba inayojitayarisha kwa safari, mizigo imefungwa, viatu vimevaliwa, lakini mlango haujafunguliwa.

Mwaka 1989, kule Lyon, Ufaransa, Jean Decety na Marc Jeannerod na mwenzao waliwaomba watu watembee hadi alama iliyowekwa mbele yao, mara kwa miguu, mara kwa akili tu. Muda ulikuwa karibu sawasawa. Kisha wakawabebesha mzigo wa kilo 25. Miguu ilitumia muda uleule, lakini akili ilitumia muda mrefu zaidi: iliuhesabu mzigo hata mahali ambapo miguu ilijikaza na kuusahau. Wamama wanaopanda vilima vya Bukavu na mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, hawatashangaa. Mbele ya mpando, kichwa kinachoka kwanza. Miaka miwili baadaye, Decety na wenzake walionyesha kwamba mtu akiwaza anatembea kwa kasi, naye amekaa kimya, moyo na pumzi vinaongeza mwendo. Basi kuwaza mwendo si ndoto ya mchana. Ni kazi, nayo inaomba nguvu.

Sasa uzee unafanya nini kwa kazi hiyo?

Jibu zuri tunalolijua lilitoka Dijon, Ufaransa pia, mwaka 2009. Arnaud Saimpont na wenzake waliwaonyesha vijana na wazee picha za mikono. Swali lilikuwa moja: huu ni mkono wa kuume au wa kushoto? Jaribu wewe mwenyewe na utaona unachofanya: bila kukusudia, unauzungusha mkono wako ndani ya akili mpaka ulingane na ule wa picha. (Sisi walimu tunawaona watoto wa darasa la kwanza wakigeuza mkono wa kweli chini ya meza, wakifikiri hatuwaoni.) Wazee walijibu polepole kuliko vijana na walikosea zaidi. Ugumu uliongezeka zaidi pale mkono wa picha ulipokaa vibaya, umepinda jinsi mkono wa mtu haupindi kwa urahisi.

Hapo ndipo penye maana kwetu. Mwendo ambao koko ameufanya maelfu ya mara, kama kukoroga bugali, kufunga kikwembe au kusuka kikapu, picha yake inabaki nzuri. Picha inayochakaa ni ya mwendo usio wa kawaida: kupita kwenye ubao mwembamba, kugeuka ghafula na mtoto mgongoni, kushuka ngazi iliyobomolewa na mvua ya usiku. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliongeza jambo jingine mwaka 2007. Waliona kwamba wazee wanapungukiwa kidogo, hasa katika kuwaza mwendo kutoka ndani, kama mwenye kuufanya. Kujitazama kutoka nje, kama mtu anayemwangalia jirani akipita, kunadumu vizuri zaidi.

Sababu ziko nyingi na zinashikana. Ubongo unapunguza kasi. Ile kumbukumbu fupi, inayoshika kitu kwa kitambo kidogo tu ili tukigeuze na kukitazama, inachoka mapema. Tena mwili wenyewe hauleti habari safi kama zamani: nyayo hazisikii chini vizuri, magoti yanauma, macho yana ukungu. Akili inapiga hesabu ya mfereji kwa habari pungufu.

Wazee hawaharibikiwi wote kwa kipimo kimoja. Tunawajua wakoko wa miaka 75 wanaolima mchana kutwa, na tunawajua watu wa miaka 60 wasioweza kugeuka bila kushika ukuta.

Hatari yenyewe ilionekana wazi kwa jaribio jepesi lililotungwa Canada mwaka 1991. Mzee anainuka kwenye kiti, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anakaa. Wanapima muda. Mwaka 2010, Olivier Beauchet na wenzake wa Angers walimwomba mzee afanye safari hiyohiyo kwa akili tu, huku amekaa. Wazee walimaliza safari ya akilini haraka kuliko ile ya miguu. Huko Japani nako, watafiti waliwauliza wazee ni kijiti cha urefu gani wanaweza kukiruka kwa hatua moja. Baadhi walitaja urefu ambao mguu haukuufikia walipojaribu. Akili inasema nimevuka, mguu bado uko njiani. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu 684 000 wanaokufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wenye kupita miaka 60 ndio wengi wao.

Kwa hiyo tufanye nini nyumbani? Familia nyingi zinachagua njia fupi: koko akae kwenye mkeka, asiguse kitu. Tunaielewa, maana inatoka kwenye woga na upendo. Lakini kwa maoni yetu inaongeza shida. Mtu asiyevuka tena mfereji hana habari mpya za miguu yake. Anabaki na picha ya zamani, ya miguu ya miaka 20 iliyopita, na siku atakayobaki peke yake nyumbani ataitumia hiyohiyo.

Njia nyingine ni kubadilisha maneno. Badala ya "Mama, huwezi", umwulize kwa heshima: "Mama, kabla hatujavuka, utaanza na mguu gani? Mkono utashika wapi?" Swali hilo linamfanya aingie ndani ya mwendo, si kuutazama kutoka nje. Mpe nafasi ajibu bila kumharakisha. Kisha mvuke pamoja, wewe upande wa mteremko. Akisema "Ee, ni kirefu kuliko nilivyofikiri", hapo akili na mguu vimekutana, na wala hukumshusha mbele ya wajukuu. Mwendo mgumu ufanywe mara kwa mara namna hiyo, pole, na mtu karibu. Utafiti umeonyesha kwamba mazoezi ya kuwaza mwendo, yakiambatana na mazoezi ya mwili, yanawasaidia wazee kusimama imara na kutembea vizuri zaidi. Hata wale waliopooza upande mmoja, wanaowasaidia kwa mazoezi hospitalini wanaweza kuwaomba wawaze kwanza mkono unafunguka, halafu ndipo wajaribu kuufungua.

Watoto wetu wanaweza kusaidia pia, nao wanapenda. Mjukuu akikaa na koko na kumwomba amweleze, kidole kwa kidole, jinsi ya kuanza kikapu, koko anautembeza mkono akilini na mtoto anapata ufundi. Sisi tungependa kazi hii iingie hata kwenye masomo ya nyumbani kuliko kunakili kurasa tatu.

Kuna mambo mawili ambayo hayangoji mazoezi. Kama mdomo umepinda ghafula, mkono umelegea, au maneno yanatoka vibaya, huo si uzee. Mpelekeni hospitali saa ileile, msilale nayo. La pili, tunawaomba wale wanaosema koko anayeyumbayumba gizani ni mchawi wafunge midomo kwanza, wakamtafutie taa na miwani. Mzee ambaye mguu wake umepoteza njia usiku anahitaji mkono wa kushika. Maneno kama hayo yamekwisha kuwafukuza wazee wengi katika nyumba zao.

Siku ya posho, katika mkutano wa vikundi, tutalifanya jaribio la kiti. Tutapima mita 3 kwa kamba. Kila koko atafanya safari yake kwanza macho yamefungwa, akipiga makofi mwanzoni na mwishoni, na sisi tutahesabu. Kisha ataifanya kwa miguu, na mama mmoja pembeni yake. Hakuna alama, hakuna wa kwanza wala wa mwisho, na wenye miaka 30 watajaribu pia ili wasicheke. Kila kikundi kije na kiti kigumu chenye mgongo, kisichotikisika.