Gharama ya Jino la Kupandikizwa

Ndugu msomaji wa Kasha, ukiambiwa mjini bei ya jino la kupandikizwa, usiuze shamba kwanza. Uliza: bei hiyo ni ya nini? Pengine ni ya skrubu peke yake, ile ya titani inayotiwa ndani ya mfupa wa taya. Picha ya mfupa, upasuaji na jino lenyewe linalofungwa juu huenda hulipwa kando. Tena mfupa hushikana na skrubu kwa miezi 3 hadi 6, na kila safari ina nauli yake. Keti uhesabu yote, kama mjenzi wa mnara katika Luka 14. Kwa mvuta tumbaku, skrubu hulegea upesi zaidi. Jino la bandia la kuvaa na kuvua ni rahisi kwa bei, nalo latafuna ugali.