JENGO NALO HUTOA MOSHI?

Ukiulizwa utaje kitu kinachochafua hewa, bila shaka utataja matatu, lori la changarawe, ama dohani ya kiwanda. Ni nadra mtu kutaja nyumba. Nyumba imetulia tu pale ilipo, haina gia wala ekzosi! Lakini ukweli wa mambo ni kwamba majengo ya dunia, ukijumlisha stima yanayotumia, moto wa kuyapasha joto, na saruji na chuma cha kuyajenga, hutoa takriban thuluthi moja ya hewa ya kaboni itokanayo na nishati na viwanda.

Hewa hiyo ndiyo huipasha dunia joto, na sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa sana. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, na mifugo ikafa kwa wingi huko kaskazini. Kisha 2024 yakaja mafuriko.

Basi wapo matajiri na kampuni ambazo kazi yao ni kununua majengo na kuyakodisha: ofisi, maduka, nyumba za kukaa. Wengi husema, "Tutapunguza uchafu." Kwa kiasi gani? Kufikia lini? Nani atahakikisha? Hapo utawasikia wakikohoa. Ni kama mwanafunzi anayesema, "Nitajitahidi, Baba," na ripoti ikija anaificha chini ya godoro. (Simtaji mtu.)

Kwa sababu hiyo, mwaka 2015 ulianzishwa mpango uitwao SBTi, ambao kazi yake ni kama ya mtahini. Kampuni hupanga lengo lake, hulipeleka likaguliwe, na likipita hutangazwa hadharani. Lengo lenyewe halitoki kichwani mwa tajiri. Wanasayansi hukadiria ni kiasi gani cha hewa ya kaboni kinachoweza kuongezwa kabla joto la dunia halijapita nyuzi 1.5 juu ya lile la kabla ya enzi ya viwanda. Kutokana na hesabu hiyo, kanuni moja inayotumika sana humtaka mwenye kampuni apunguze kila mwaka asilimia 4.2 ya kile alichotoa mwaka wa kuanzia. Aliyetoa tani 10,000 mwaka 2020 anapaswa kushuka hadi tani 5,800 kufikia 2030. Hesabu ya darasa la saba hiyo.

Ugumu uko katika kujua zile 10,000 zatoka wapi. Huhesabiwa kwa mafungu matatu. La kwanza ni mafuta na gesi anayochoma mwenye jengo mwenyewe, kwa mfano kwenye boila au jenereta. La pili ni stima anayoinunua yeye. La tatu ni vile vinavyotokea mikononi mwa wengine kwa sababu yake: taa na vipoza hewa vya wapangaji, saruji, chuma, vioo. Kwa mwenye majengo, fungu hili la tatu mara nyingi ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo gumu kuliko yote. Mpangaji analipa stima yake mwenyewe. Mbona akuonyeshe bili? Ndiyo maana siku hizi baadhi ya mikataba ya kupanga ina kifungu kinachomtaka mpangaji atoe hesabu ya stima.

Chukua mfano wa Landsec ya Uingereza, wenye zile taa maarufu za matangazo za Piccadilly jijini London. Mwaka 2016 ilikuwa kampuni ya kwanza ya majengo ya biashara duniani kupitishiwa lengo na SBTi: kupunguza asilimia 40 kufikia 2030, ikilinganishwa na 2013/14. Lakini lengo lile lilipimwa kwa kila mita ya mraba, na hapo pana mwanya. Ukipunguza nusu kwa kila mita, kisha ukajenga mita maradufu, hewa inabaki vilevile! Mwaka 2019 Landsec ikabadilisha, ikaahidi kupunguza asilimia 70 ya jumla yote. Miaka miwili baadaye ikatangaza kutenga pauni milioni 135, sehemu yake ikiwa ya kung'oa boila za gesi na kuweka pampu za joto zinazotumia stima.

Je, tajiri hawezi kupanda miti tu akasamehewa? La. Mikopo ya kaboni anayoinunua kwingine haihesabiwi katika lengo la miaka hii ya karibu. Akiuza jengo lake chafu je? Hapo napo mtahini hakulala. Mauzo yakiwa makubwa, hesabu ya mwaka wa kuanzia hufanywa upya bila jengo lile, kwa hivyo hapati alama za bure. Na wasiomaliza kazi huadhibiwa: mwaka 2024 ahadi za kampuni zaidi ya 200 ziliondolewa kwenye orodha kwa kukosa kuleta malengo yao kwa wakati. Mimi naona hiyo ndiyo sehemu bora ya mpango mzima.

Kwetu Kenya mtihani huu ungekuwa na sura nyingine. Karibu asilimia 90 ya stima yetu hutoka kwa mvuke wa Olkaria, mito, upepo na jua, hivyo fungu la pili ni dogo. Mzigo ungehamia kwenye jenereta za dizeli na, zaidi ya yote, saruji na chuma cha maghorofa yanayochipuka kila kona.

Chamani tulijaribu kuihesabia shule yetu. Dizeli ya jenereta tuliipata katika daftari la bursa, na stima ipo kwenye bili. Tulipofika kwenye bweni jipya tulikwama: hakuna anayekumbuka mifuko ya saruji ilikuwa mingapi.